Mwacheni Kinjeketile Apande Jukwaani

Kila mwaka, Jumapili ya Matawi, hutokea kanisani jambo ambalo sisi waseminari hatulitafakari vya kutosha. Injili ya Mateso ni ndefu kuliko karibu Injili zote tunazosikia Jumapili nyingine. Watu wamesimama, jua limepanda, watoto wamechoka na matawi yao yameanza kusinyaa. Hata hivyo kanisa zima liko macho. Sababu ni kwamba siku hiyo somo limegawanywa. Padre anachukua maneno ya Kristo, mmoja ni msimulizi, mwingine anasema ya Petro na Pilato, na waamini tuliobaki ndio umati. Ni sisi tunaopaza sauti kudai Yesu asulubiwe. Bibi yangu, ambaye hajawahi kukaa katika darasa la fasihi, aliwahi kuniambia kwamba kila mwaka maneno hayo humkwama kooni, na kwamba huyasema hivyo hivyo kwa sababu anajua ni yake.

Nilimkumbuka bibi katika likizo ndefu iliyopita. Paroko wetu aliniomba nisaidie vipindi vya fasihi ya Kiswahili kidato cha tatu, katika shule moja ya jirani iliyopungukiwa na mwalimu. Nilikuta wanafunzi wanasoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba. Nikadhani nina bahati, maana kitabu kile kinachekesha na kinauma kwa pamoja: karani wa sensa anatumwa kijijini na serikali, anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake, anatoroka naye, na baba wa binti kwa hasira anazichoma karatasi za sensa. Nikauliza darasa, "Mzee Mitomingi alipozitia moto zile karatasi, hasa alikuwa na hasira na nani?" Kimya. Baadaye kijana mmoja wa nyuma akanyosha mkono, akasimama kwa adabu, akauliza: "Frateri, unataka dhamira au unataka migogoro?"

Sikucheka. Kijana yule alikuwa amenijibu kwa uaminifu kabisa. Alikuwa ananieleza jinsi alivyofundishwa kukutana na tamthiliya. Kuna vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa kila stendi, na ndani yake kila tamthiliya imekwisha kukatwakatwa: fani na maudhui, muundo, mtindo, wahusika, mandhari, dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo. Mwisho kuna kichwa cha habari kinachonitia aibu mimi ninayesoma falsafa: "Falsafa ya mwandishi", na chini yake sentensi moja. Mtu aliandika kitabu kizima, labda kwa miaka, na falsafa yake imeenea katika mstari mmoja ambao mwanafunzi atauandika kwenye mtihani bila kubadili nukta.

Siwalaumu walimu. Mwenye darasa la wanafunzi themanini, vitabu vinane na mtihani wa taifa mbele yake, akishika kijitabu cha uchambuzi nitamwelewa. Lakini siku hizi nasikia watu wakilalamika kwamba vijana hawapendi tamthiliya za zamani kwa sababu ya simu, au kwa sababu vitabu vyenyewe vimepitwa na wakati. Hapo nakataa. Vijana wetu hawajaikataa tamthiliya. Hawajawahi kukutana nayo. Walichopewa ni taarifa ya mazishi yake.

Nilipomaliza wiki ya kwanza nilimwomba mkuu wa shule saa moja ya jioni, nje ya ratiba, kwa wanafunzi wanaotaka. Nikachukua kitabu cha zamani zaidi: Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kilichotoka mwaka 1969. Kinahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Anayekijua anivumilie kwa muhtasari mfupi. Watu wa Rufiji wanalimishwa pamba kwa nguvu katika shamba la Mjerumani, wana njaa, wanachapwa, binti zao hawako salama. Kinjeketile anapandwa na roho wa Hongo, anaingia mtoni, anatoka na maji na neno: makabila yaungane. Watu wanaamini kwamba maji hayo yatageuza risasi zisiwadhuru. Kisha Kinjeketile mwenyewe anaanza kuwa na mashaka na kile alichokisema, lakini neno limekwisha kumtoka na limekuwa kubwa kuliko yeye. Watu hawataki kungoja. Vita inapiganwa, wengi wanakufa. Mwishoni yuko gerezani, na Mjerumani anamtaka atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Ni vema kusema kwamba Hussein hakuandika historia. Kinjeketile Ngwale wa kweli, mtu wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani mwanzoni kabisa mwa vita, Agosti 1905. Yule wa kitabuni ni kiumbe cha sanaa, na mwandishi mwenyewe alisema hivyo. Ndiyo maana anaweza kuulizwa maswali ambayo maiti wa historia hajibu.

Jioni ya kwanza walikuja wanafunzi kumi na tisa. Hatukuwa na mavazi wala taa. Nilitenga onyesho la gerezani tu. Kijana mmoja aliketi sakafuni mikono ikiwa nyuma, mwenzake akawa Kitunda, rafiki yake, anayemsihi aseme ukweli ili watu wasiendelee kufa kwa ajili ya maji. Walisoma kitabuni, wakikwama hapa na pale. Mara ya kwanza wenzao walicheka. Mara ya pili nikabadilisha wasomaji, Kitunda akawa msichana, na yeye akayasema maneno yale kama mtu anayemsihi baba yake. Kicheko kikaisha. Tulipofika mwisho msichana hakukaa. Aliniuliza akiwa bado amesimama: "Kwa hiyo, Frateri, huyu alidanganya au hakudanganya?"

Nikamrudishia swali. Nikawaambia wanaoona amedanganya wakae upande wa dirisha, wanaoona hakudanganya wakae upande wa mlango, na kila mmoja aseme kwa nini. Kwa dakika arobaini sikufundisha kitu. Wa dirishani wakasema kiongozi anayejua watu wanakufa kwa neno lake ana wajibu wa kulifuta. Wa mlangoni wakasema angelifuta mbele ya Mjerumani angekuwa anawaambia watu kwamba hata kudai haki yao kulikuwa uongo. Kijana mmoja alihama kutoka dirishani kwenda mlangoni, kisha akarudi, na wenzake wakampigia makofi. Nimekaa darasani nikisikiliza mihadhara ya maadili juu ya uongo na nia njema, na nakiri kwamba sijawahi kuhama kiti kwa sababu ya hoja.

Kisha likaja lile ambalo sikulitegemea. Kijana mdogo, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Hii si ndiyo maji ya upako?" Darasa likalipuka. Kila mmoja alikuwa na habari: jirani aliyeuza mbuzi anunue chupa, shangazi aliyeacha dawa za hospitali. Wakakumbushana Moshi, Februari 2020, ambako watu 20 walikufa wakikanyagana kuyawania mafuta ya upako kwenye mkutano wa dini. Kabla sijapumua, yule yule akaendelea, kwa sauti ya upole kabisa: "Na maji ya baraka ya kanisani kwetu, Frateri, yana tofauti gani?"

Nilipata kigugumizi. Nilikuwa nimekwenda pale kama mwalimu wa fasihi, nimevaa fulana, na swali likanikuta nikiwa mseminari. Ningeweza kumwambia hilo si swali la kipindi hiki. Nikamwambia linahitaji jibu zuri kuliko nililo nalo, na kwamba nitalileta wiki ijayo.

Wiki ile nilisoma Katekisimu kwa macho mengine. Namba 2111 inasema wazi kwamba mtu anayedhani sala au ishara za sakramenti zina nguvu kwa tendo la nje peke yake, bila moyo ulioelekea kwa Mungu, ameangukia katika ushirikina. Nilirudi na jibu hilo, na ajabu ni kwamba tamthiliya ndiyo iliyonisaidia kulieleza. Nikawauliza, "Kinjeketile alileta maji kwa ajili gani?" Wakajibu, "Ili watu waungane." "Na watu walishika nini?" "Maji." Basi. Hawakuhitaji maelezo marefu. Walielewa kwamba hata sisi Wakatoliki tunaweza kuchovya vidole mlangoni kila Jumapili na kuiacha palepale mlangoni ile imani ya Ubatizo ambayo maji yale yanatukumbusha. Nina hakika kwamba katekesi ile isingeingia kwa njia nyingine.

Ndiyo hoja yangu. Tamthiliya kongwe haimvutii kijana kwa sababu tumeipamba. Inamvutia anapopewa ruhusa ya kuiuliza swali lake mwenyewe, na kuliuliza kwa mdomo na mwili wake. Gharama yake ni kwamba swali halitaishia kitabuni. Litafika kwa mwalimu, kwa mzazi, kwa padre. Nashuku kwamba tunapenda vijitabu vya uchambuzi si kwa sababu ya mtihani tu, ila pia kwa sababu vinatulinda na maswali ya namna hiyo.

Nieleze pia nilipokosea, ili asije mtu akadhani nauza dawa. Wiki ya tatu nilitaka kuongeza mvuto. Nikawaambia waligeuze onyesho la gerezani liwe la leo: lugha ya mtaani, simu mkononi, Mjerumani awe bosi wa kampuni. Walifurahi sana. Walicheka mpaka machozi, na kengele ilipogonga hakuna aliyeuliza swali hata moja. Nilikuwa nimeitoa hofu ndani ya gereza, na bila hofu hakuna kitu cha kuamua. Kukifanya kitu cha kale kiwe cha leo si kukivua uzito wake.

Mtu aliyelijua hilo vizuri ni Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa rais, na akiwa Ikulu, pamoja na shughuli zote za nchi changa, alikaa akatafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare. Ya kwanza, Julius Caesar, ilitoka mwaka 1963. Ya pili, juu ya mfanyabiashara wa Venisi, ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Angeweza kuiita kwa neno la kawaida la mfanyabiashara. Aliiita Mabepari wa Venisi. Hakuhamisha hadithi kwenda Kariakoo. Alichagua neno moja ambalo kila Mtanzania wa mwaka ule alikuwa akilijadili, akamwachia msomaji mengine. Hivyo ndivyo ninavyodhani mwalimu anapaswa kufanya: atafute mahali pamoja ambapo kitabu kinagusa maisha ya darasa lake, aweke kidole hapo, kisha anyamaze.

Najua kuna pingamizi zenye uzito. Ya kwanza ni muda. Sisemi tuigize kitabu kizima. Kipindi kina dakika arobaini. Onyesho moja la kurasa tatu linasomwa kwa zamu mara mbili kwa dakika kumi na tano, na wasioigiza ndio baraza la kuhukumu. Uchambuzi uje baadaye, na utakuwa mwepesi, kwa sababu mwanafunzi aliyewahi kuwa Kitunda hahitaji kukariri kwamba kuna mgogoro kati ya Kitunda na Kinjeketile. Ameubeba.

Ya pili ni ya maadili. Mzazi mmoja mwema alinionya kwamba tamthiliya hizi zina walevi, wanaotoroshana, waganga na pepo, na kwamba shule za Kikristo zichague maonyesho safi. Namheshimu, lakini Biblia yetu nayo ina Daudi na mke wa Uria. Nathani hakumkemea Daudi kwa orodha ya dhambi. Alimsimulia kisa cha tajiri na kondoo wa maskini, mfalme akatoa hukumu, na ndipo akaambiwa kwamba mtu huyo ni yeye. Tukiondoa dhambi kwenye igizo tumeondoa mlango ambao Nathani aliingilia.

Ya tatu inatoka kwa Mtakatifu Augustino, na hii siwezi kuipita haraka. Katika kitabu cha tatu cha Maungamo anajilaumu kwa jinsi alivyopenda michezo ya kuigiza alipokuwa kijana kule Karthago. Alilia kwa ajili ya mateso ya kubuni, na machozi hayo hayakumsaidia mtu yeyote. Ni huruma isiyonyanyuka kitini. Naona ana haki, na onyo lake linatugusa sana sisi wa enzi za tamthilia za runinga, tunaolia saa mbili usiku na kumpita mgonjwa asubuhi. Lakini Augustino alikuwa mtazamaji. Kijana anayesimama mbele ya wenzake na kusema maneno ya mtu aliye gerezani hatazami. Anaulizwa: ungekuwa wewe? Na kikao kikiishia kwenye mjadala wa maji ya upako ambayo mama yake anayanunua, huruma imeshanyanyuka kitini.

Ya nne ni vifaa. Hapa jibu analo papa. Mwaka 1941, Poland ikiwa chini ya Wanazi, kijana Karol Wojtyła alikuwa mmoja wa kikundi cha maigizo ya siri mjini Kraków kilichoanzishwa na Mieczysław Kotlarczyk. Waliigiza kazi za zamani za washairi wakubwa wa taifa lao, ndani ya nyumba za watu, mbele ya wageni wachache, karibu bila mapambo, huku wakihatarisha maisha yao. Walichokuwa nacho ni neno na sauti. Mwaka uliofuata Wojtyła aliingia seminari, nayo pia ya siri. Alipokuwa Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wasanii barua maalum mwaka 1999. Kikundi kile hakikungoja ukumbi wala fedha za mradi, na kazi kongwe hazikuwachosha, kwa sababu zilikuwa zinasema jambo ambalo mvamizi hakutaka lisemwe.

Sasa niseme nasi, maana nisingependa mzigo wote uishie shuleni. Parokia nyingi zina ukumbi unaofunguliwa kwa harusi na vikao, na siku nyingine umefungwa. Tuna TYCS mashuleni na VIWAWA parokiani, vijana wanaotafuta la kufanya zaidi ya mashindano ya mpira na kwaya. Tuna wazee katika jumuiya ndogo ndogo ambao babu zao waliwasimulia vita ile na njaa iliyofuata. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ni nani aliyekataza onyesho moja la Kinjeketile kusomwa katika ukumbi wa parokia, na baada yake mzee mmoja akazungumza?

Kuna sehemu ya kumbukumbu hiyo ambayo ni yetu hasa. Tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa na wapiganaji wa Maji Maji huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Nilipowaeleza wanafunzi, msichana yule aliyekuwa Kitunda aliuliza: "Sasa sisi tuko upande gani?" Watu waliodai haki ya kutolimishwa kwa viboko ni babu zetu. Wale watano waliouawa ni mababa na mamama wa imani yetu. Sijui darasa gani la historia au la dini lingelileta swali hilo kwa ukali ule. Nilichomjibu ni kwamba tunawaombea wote, na kwamba asiharakishe kuchagua upande. Aliniangalia kwa namna iliyonionyesha kuwa jibu halijamtosha, na hata mimi halinitoshi. Nimelileta seminarini, na nimelipeleka kwa mlezi wangu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwalimu, wiki ijayo chagua kurasa tatu tu, wasimamishe watu wawili, na ufunge kijitabu cha uchambuzi mpaka wamalize. Mwenzangu mseminari, ukienda parokiani likizoni, usipeleke mahubiri tu, peleka na tamthiliya moja, na uwe tayari kuulizwa usichokijua. Na wewe mzazi, mtoto akirudi nyumbani na swali la ajabu juu ya mtu aliyekufa mwaka 1905, usimwambie aende akasome. Kaa naye kidogo, umwulize yeye angefanyaje.